Msomaji Anayetajwa na Msomaji Anayejibu: Maoni ya Wasomaji kama Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

4.1 Msomaji asiye na makazi

Katika tasnifu nyingi za fasihi ya Kiswahili, msomaji hutajwa karibu katika kila ukurasa. Msomaji huhisi huruma, msomaji hupata funzo, msomaji huachwa na taharuki, msomaji hung'amua kuwa mwandishi anakemea ufisadi. Ukiuliza msomaji huyo ni nani, alikisoma kitabu wapi na alimweleza nani alichokihisi, hupati jibu. Mara nyingi ni mhakiki mwenyewe aliyevaa kanzu ya mtu mwingine ili hukumu yake ionekane kuwa ya wengi. Sura hii inayahoji mazoea hayo. Inashikilia kwamba maoni ambayo wasomaji hupeana kuhusu kitabu walichotoka kukisoma ni uhakiki kamili, na kwamba kinachoyapa hadhi hiyo ni kuwapo kwa jibu. Maoni yanayotolewa mahali yanapoweza kupingwa humrudisha msemaji kwenye matini. Yanayotolewa mahali pasipo na jibu, hata yakibebeshwa istilahi nzito kiasi gani, hubaki kuwa tamko.

Hali hii haikusababishwa na uhaba wa nadharia. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alitaka historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia namna kazi zilivyopokelewa. Mwenzake Wolfgang Iser alieleza mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze. Stanley Fish, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliuhamisha uzito kutoka kwa msomaji mmoja hadi kwa jumuiya inayoshiriki taratibu za kufasiri. Wote watatu wanafahamika kwa watafiti wa Kiswahili. Lakini tazama ni yupi anayependwa zaidi na watahiniwa: ni Iser, na sababu haijifichi. Msomaji wa Iser ni nafasi iliyochongwa ndani ya matini yenyewe. Hahitaji nauli, wala kibali cha utafiti, wala chai ya saa nne. Mtafiti hukaa na kitabu chake, akayahesabu mapengo, akayajaza mwenyewe, kisha akaandika kuwa msomaji ameyajaza. Upeo wa matarajio anaouzungumzia Jauss ni mgumu zaidi, kwa kuwa unadai ushahidi wa mambo ambayo watu fulani, wakati fulani, walikuwa wamekwisha kuyasoma na waliyoyatarajia walipofungua kitabu kipya. Ushahidi huo hupatikana pale wasomaji wanapozungumza wao kwa wao. Tumeichukua nadharia ya msomaji na msomaji mwenyewe tukamwacha mlangoni.

4.2 Kujibizana kama kielelezo

Kwa fasihi ya Kiswahili, kutafuta mahali pa jibu hakuhitaji kwenda Konstanz. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) na Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana tungo katika siasa za miji yao, na kila utungo ulikuwa ni usomaji wa utungo uliotangulia. Kuanzia mwaka 1923, gazeti la Mambo Leo liliwapa washairi wa Tanganyika uwanja wa kuchapisha tungo na kujibiwa, na desturi hiyo iliendelea katika magazeti yaliyofuata. Anayejibu hutarajiwa kuifuata bahari ya mwenzake, mara nyingi hata vina vyake. Sharti hilo linaonekana kuwa la kiufundi tu, lakini lina matokeo ya kihakiki. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kumsoma kwa makini. Neno alilolificha unalifichua. Fumbo alilolifunga, ukilifungua vibaya unaumbuka mbele ya watu. Aliyeanza naye anajua kuwa neno lake litarudi, kwa hiyo huliweka kwa tahadhari.

Kielelezo hiki kina doa, na haifai kukisifu kupita kiasi. Malumbano mengi hugeuka kuwa maonyesho ya ufundi, na mada husahaulika mapema. Aidha, uwanja wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wanaume, kama zilivyokuwa baraza za mbele ya nyumba katika miji ya pwani ambako tungo zilikaririwa na kupimwa. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulinakiliwa na kukaririwa na wanawake kwa vizazi, na bila shaka walikuwa na la kusema juu yake. La kusema hilo halikupata ukurasa wa gazeti. Tunapozungumzia maoni ya wasomaji yaliyotufikia, tunazungumzia yaliyopata pa kuhifadhiwa.

Mjadala wa ushairi huru wa miaka ya 1970 ndio mfano mkubwa wa mwisho wa kujibizana kwa namna hiyo. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziweka kanuni katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974 kikiwa na tungo zisizofuata vina na mizani. Malenga, walimu, wanafunzi na wasomi waliingia uwanjani, na hukumu haikuwa ya wahadhiri peke yao. Kwa hilo mjadala ule unastahili heshima. Kasoro yake ni kwamba nguvu nyingi zilitumika kuuliza kama tungo hizo ni mashairi, na nguvu chache kuuliza zinasema nini. Watu walijibizana kuhusu mlango, nyumba wakaiacha bila kuingia. Hata hivyo, mtafiti wa leo anayetaka kuujua upeo wa matarajio wa wasomaji wa enzi ile hana chanzo bora kuliko hicho, kwa sababu watu waliolazimika kutetea wanachokipenda walilazimika pia kukieleza.

4.3 Jedwali la mtihani

Kilichochukua nafasi ya kujibizana, kwa wasomaji wengi waliopitia shule, ni jedwali. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika sekondari analijua kwa moyo: maudhui upande mmoja, yakiwa na dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, fani upande wa pili, ikiwa na muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika na mandhari, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nchini Kenya vitabu vya miongozo hufanya kazi hiyohiyo kwa kila riwaya inayoteuliwa kutahiniwa, iwe Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora au Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Jedwali lina faida yake. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi anahitaji kitu cha kushika, na mwanafunzi anayeanza anahitaji pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba jedwali huendelea kuongoza usomaji baada ya mtihani kwisha. Muulize mtu mzima, msomaji mzuri, akupe maoni yake juu ya riwaya aliyoimaliza juzi. Mara nyingi ataanza na dhamira. Atasema kitabu kinahusu nafasi ya mwanamke, au uongozi mbaya, au umuhimu wa elimu. Hayo yote yanaweza kuwa kweli, na bado hajakuambia lolote juu ya kilichompata alipokuwa akisoma. Jedwali halina safu ya kuchoshwa. Halina safu ya kutoamini, pale msomaji anapofika ukurasa fulani akasema moyoni kwamba mtu kama huyu hawezi kutenda hivi. Halina safu ya kurudi nyuma kusoma tena. Zaidi ya yote halihitaji mtu wa pili: majibu yake yanajulikana kabla ya mazungumzo kuanza. Watu wawili wenye jedwali moja hawana cha kuzozana, labda mmoja awe amesahau dhamira ya nne.

4.4 Kwa nini Yasmini hakumsubiri Denge?

Tuchukue riwaya ambayo imepita katika mikono mingi. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ikatumika katika masomo ya sekondari ya juu Tanzania, na mwaka 2021 ikatolewa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Filamu hiyo iliwarudisha kwenye kitabu watu waliokuwa wamekisoma kwa ajili ya mtihani na kukiweka kando. Hadithi inatokea Zanzibar wakati wa ukoloni. Yasmini, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka anayemzidi umri kwa mbali sana. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, naye anapokelewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, katika maisha ambayo hakulelewa kuyajua. Anampenda Denge, kijana mwanaharakati anayefuatiliwa na polisi wa kikoloni. Mwisho wa yote, Denge anatenganishwa naye na harakati na mkono wa dola, na Yasmini anaishia kwa Bukheti.

Anayefundisha riwaya hii hukutana na swali lisilotoka katika jedwali lolote: kwa nini Yasmini hakumsubiri Denge? Huulizwa kwa hasira kidogo, kama mtu anayemdai mwandishi. Mhakiki mwenye haraka huliona kuwa swali la kitoto, linalowachukulia wahusika kama majirani. Nadhani ndilo swali zito kuliko yote yanayoweza kuulizwa juu ya riwaya hiyo, na thamani yake haionekani mpaka lijibiwe na kujibiwa tena.

Jibu la kwanza kwa kawaida ni la lawama. Yasmini amemsaliti mtu aliyejitolea nafsi yake kwa nchi. Jibu hili lina upeo wake wa matarajio nyuma yake: riwaya za ukombozi zilizomzoesha msomaji kuona mapenzi na mapambano yakiingia bandarini kwa chombo kimoja. Shujaa akishinda hupata nchi na mchumba. Akishindwa, mchumba hubaki akimlilia. Msomaji anayelaumu hajasema hayo, lakini mwenzake akimuuliza ni wapi Denge alimwomba Yasmini amsubiri, hulazimika kukifungua kitabu. Na akikifungua hukutana na jambo ambalo jedwali lisingemwonyesha. Denge anampenda Yasmini, lakini penzi hilo huja katika nafasi zinazobaki baada ya siasa. Yasmini anaingia katika maisha ya Denge kama mtu anayeingia chumba ambacho viti vyote vina wenyewe.

Hapo hutokea jibu la pili, na aghalabu hutolewa na wasomaji wanawake, ingawa si wao tu: kwamba Yasmini amekwisha kungojea vya kutosha. Aliozwa akangojea utu uzima ndani ya nyumba ya mzee. Alifukuzwa akangojea jamaa zake walegee. Kumtaka amngojee na Denge ni kumrudisha pale alipotoka, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii mlinzi wa mlango ni kijana anayependeza. Jibu hili linaibadili riwaya nzima. Kukimbia kwa Yasmini kutoka kwa Raza, ambako katika jedwali huandikwa kama dhamira ya ndoa za kulazimishwa na kufungwa hapo, sasa kunasomwa pamoja na mwisho. Vinakuwa vitendo viwili vya mtu mmoja mwenye tabia moja: asiyekubali kuishi maisha yanayoanza kesho.

Jibu la tatu huutumia mkono wa mwandishi. Wapo wanaosema kuwa Shafi alikuwa na riwaya mbili, ya mapenzi na ya siasa, akashindwa kuzimaliza pamoja, na kwamba Bukheti ameletwa ili aifunge ile ya mapenzi. Hii ni hukumu ya muundo kutoka kwa watu ambao pengine hawatumii neno hilo, nayo ina nguvu. Lakini nayo hujibiwa. Jina la kitabu linatokana na mvutano, na katika mvutano kamba haina mwenyewe. Dola inamvuta Denge, chama kinamvuta, Yasmini anamvuta. Yasmini naye anavutwa na ukoo, rangi, njaa na Mwajuma. Riwaya iliyochagua jina hilo ingelidanganya kama ingewaunganisha wote wawili kwa fundo safi mwishoni.

Kwa upande wangu, naona jibu la pili na la tatu yanahitajiana. Mwisho wa Yasmini una mantiki katika tabia yake, lakini mwandishi ameuharakisha. Bukheti hapewi uzito wa kutosha kumfanya awe chaguo, kwa hiyo msomaji anamwona kama kimbilio. Hasira ya wale wanaouliza swali hutokana na pengo hilo baina ya tendo linaloeleweka na mtu ambaye hajaonekana vya kutosha. Singeifikia hukumu hii kwa kulisoma jedwali, na sidhani ningeifikia peke yangu. Imetokana na kuona maoni moja yakilisukuma jingine kurudi kwenye kurasa.

4.5 Maoni ya kuambiwa

Yaliyosemwa hapo juu yasichukuliwe kuwa utetezi wa kila neno la msomaji. Wasomaji wanaweza kukifungulia kitabu njia, na wanaweza pia kukizika. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilipozuiwa shuleni kwa muda, ilizungumzwa na watu wengi ambao hawakuwa wameisoma. Sifa yake ya kuwa kitabu cha aibu ilitembea bila kitabu chenyewe. Waliokisoma walikuta kisa cha baba mkali na mlevi, Zakaria, ambaye ukali wake unamlea Rosa bila kumfundisha namna ya kuishi na watu nje ya ua wa nyumbani. Swali la malezi, ambalo ndilo kiini cha riwaya, lilihitaji mtu aliyeifungua. Riwaya hiyo baadaye ikaingia katika orodha ya vitabu vya kufundishia, na jedwali likaipokea kwa dhamira ya malezi mabaya. Sijui ni balaa lipi kubwa zaidi.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) zimepatwa na jambo linalofanana na hilo. Ni vitabu vidogo. Mtu anaweza kukimaliza kimoja kwa siku moja ya mapumziko. Hata hivyo hukumu kwamba ni vigumu hupokezanwa kama mali ya urithi, kutoka kwa wanafunzi wa mwaka mmoja hadi wa mwaka unaofuata, na wengi huvianza wakiwa wamekwisha kushindwa. Haya ni maoni ya kuambiwa. Dalili yake ni kwamba hayana ukurasa: ukimuuliza mwenye nayo alikwama wapi, hawezi kukuonyesha. Yule anayeweza kuonyesha, akasema nilifuata mpaka hapa, kisha sikujua tena nani anasema, amekwisha kuanza uhakiki wa usimulizi wa Kezilahabi, na anastahili kunukuliwa.

Kuna na adabu. Katika jamii zetu mdogo hamkatizi mkubwa, na mwanafunzi humwita mwalimu wake mwalimu hata baada ya yeye mwenyewe kuwa na wanafunzi. Ni desturi njema, na ina gharama katika mazungumzo ya vitabu. Mwalimu akikaa kwenye kikundi na akatoa maoni yake mapema, yanayofuata hugeuka kuwa maelezo ya ziada juu ya aliyoyasema. Wasomaji wana njia zao za kuipita adabu bila kuivunja: kukubali kwanza kisha kuuliza, kumtwika mtu asiyekuwepo maoni yao, kutumia methali. Anayesema "wapo wanaoona kwamba" mara nyingi anajisema mwenyewe. Mtafiti asiyeijua lugha hiyo ataandika kuwa wote walikubaliana.

4.6 Namna ya kunukuu jibu

Hapa ndipo suala hili linapogusa mbinu za utafiti wetu. Chombo tunachokimbilia tunapotaka kuwasikia wasomaji ni hojaji. Kila mhojiwa hujaza peke yake, hajui mwenzake ameandika nini, na majibu hukusanywa na kugeuzwa asilimia. Kwa swali kama kitabu kimesomwa au hakikusomwa, chombo hicho kinatosha. Kwa maoni juu ya riwaya kinaua kile hasa tunachokitafuta, kwa sababu kimejengwa ili majibu yasikutane. Mahojiano ya vikundi ni bora zaidi, lakini hata hayo yakifika kwenye tasnifu hukatwakatwa: sentensi moja ya mhojiwa mmoja huchomolewa na kupachikwa chini ya hoja ya mtafiti kama pambo. Aliyempinga hatajwi.

Pendekezo la sura hii ni dogo. Maoni ya msomaji yanukuliwe pamoja na jibu alilopewa na alichokisema baada ya jibu hilo, hata kama mnyororo huo unachukua nusu ukurasa, na ionyeshwe ni wapi katika matini walirejea. Watahini watauliza kuhusu usampulishaji: wasomaji sita wanaozungumzia Yasmini wanamwakilisha nani? Hawamwakilishi yeyote, kama ambavyo mhakiki mmoja anayeandika makala katika jarida hamwakilishi yeyote, na hatumdai asilimia. Wananukuliwa kwa uzito wa hoja zao. Pingamizi kubwa zaidi ni la uaminifu: mtafiti aliyekaa katika mazungumzo ni msemaji pia, na anaweza kuyaelekeza. Kweli anaweza. Njia ya kulikabili hilo ni kuyaandika maneno yake mwenyewe ndani ya mnyororo, pale alipojibiwa na hasa pale alipozidiwa, badala ya kujificha nyuma ya neno "mtafiti alibaini".

Tasnifu zenyewe ni mfano wa maoni yanayopungukiwa na jibu. Mtahiniwa husoma riwaya, huandika kurasa mia tatu, kisha siku ya utetezi hukaa mbele ya watu waliosoma aliyoyasoma na kuyapinga kwa saa kadhaa. Kwa wengi wetu hayo ndiyo mazungumzo marefu na makali zaidi ya kitabu tutakayowahi kuyapata. Nakala inayowekwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo ni ile iliyosahihishwa. Maswali ya watahini, na majibu yaliyozisababisha sentensi kubadilika, hubaki katika faili ambalo msomaji wa tasnifu hafunguliwi.